Kupima ufuko unavyoliwa: fito mbili, upeo wa bahari na daftari

Ufuko wa Kunduchi, Dar es Salaam, wa Agosti si ule wa Februari. Upepo wa kusi husukuma mchanga kuelekea kaskazini, kaskazi ikiingia sehemu ya mchanga huo hurudi kusini. Kwa hiyo mtu akisema bahari imekula mita tano mwaka huu, muulize kwanza alipima mwezi gani, na kuanzia alama ipi. Bila majibu hayo, mita tano zake hazina maana.

Njia ifuatayo ilichapishwa na mwanasayansi wa bahari K. O. Emery mwaka 1961, na bado inatumika kwa sababu haihitaji umeme wala mashine. Inataka watu watatu: wawili wa kushika fito, mmoja wa kuandika.

Hatua ya 1: Tengeneza fito

Chagua papi mbili zilizonyooka, kila moja mita 1.5. Zichore alama kila sentimita 1, sifuri ikiwa juu na namba zikiongezeka kushuka chini. Ukianza sifuri chini, itabidi utoe hesabu ufukweni kila unaposoma, na juani hapo ndipo makosa huzaliwa. Chini ya kila ufito pigilia kipande cha plaiwudi cha sm 10 kwa 10, usizame mchangani.

Kwa umbali tumia ufito wa tatu wa mita 2 kamili. Kamba ya nailoni huvutika. Ikivutika sm 2 tu kila hatua, baada ya hatua 30 umepoteza sm 60. Ongeza pima maji ndogo ya fundi, ya kuhakikisha fito zimesimama wima.

Hatua ya 2: Weka bikoni

Bikoni ni alama ya kudumu ya kuanzia kupima. Hii ndiyo kazi inayobeba zote, maana bikoni ikipotea miaka yote ya vipimo inapotea nayo. Ingia ndani angalau mita 10 kutoka pale majani yanapoishia. Chimba shimo la sm 60, simamisha nondo ya mm 12, mimina zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Kichwa cha nondo kilingane na uso wa zege, kisichomoze. Nondo iliyochomoza huishia kwenye mizani ya chuma chakavu.

Weka bikoni ya pili mita 5 hadi 10 nyuma ya ya kwanza. Hizo mbili ukizitazama zikiwa zimepangana, zinakuonyesha mstari wa kufuata hadi majini, na mstari huo ukate ufuko kwa pembe mraba. Halafu pima umbali wa bikoni kutoka kwenye vitu viwili visivyohama, kama kona ya nyumba na kona ya kisima, uandike. GPS ya simu hukosea mita kadhaa, haikusaidii kuifukua bikoni iliyofunikwa na mchanga. Mnazi wa ukingoni usiufanye alama: huo ndio wa kwanza kuanguka.

Hatua ya 3: Chagua siku na saa

Pima wakati wa bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanapokupwa mbali zaidi. Dar es Salaam na Zanzibar, maji ya bamvua hukupwa kabisa karibu saa nne hadi saa tano asubuhi. Anza saa moja kabla, ushuke ukiyafuata maji. Wakati wa maji mafu, yaani yasipokupwa mbali, utaishia nusu ya ufuko, na sehemu ya chini ndiyo mara nyingi inayoficha mchanga unaodhani umepotea.

Hatua ya 4: Soma

Ufito A usimame juu ya bikoni, ufito B mita 2 mbele upande wa bahari. Shika ufito wa umbali ukiwa mlalo, usiulaze juu ya mteremko. Mchanga ukishuka sm 45 huku umeulaza, mita 2 zako ni mita 1.95 kwa kweli.

Ardhi ikishuka kuelekea bahari, mwenye ufito A ateremshe jicho mpaka kichwa cha ufito B kiguse mstari wa upeo, pale bahari inapokutana na mbingu. Mstari huo unapokata ufito A, hapo ndipo pa kusoma. Ukikata kwenye 31, ardhi imeshuka sm 31: andika −0.31. Ardhi ikipanda, jicho likae kwenye kichwa cha ufito A, usome pale upeo unapokata ufito B, uandike kwa alama ya kujumlisha. Kisha A ihamie mahali haswa palipokuwa na B. Fito zisirukane, na mwenye kuandika arudie namba kwa sauti kabla ya kusogea.

Kwa mfano mfupi, daftari la hatua tano litaonekana hivi (kwako ukingo na mwani vitakuwa mbali zaidi na bikoni):

m 2: −0.12, jumla −0.12
m 4: −0.31, jumla −0.43
m 6: −0.45, jumla −0.88 (ukingo uliokatwa na mawimbi)
m 8: +0.04, jumla −0.84
m 10: −0.18, jumla −1.02 (mwani, mchanga wenye maji)

Maelezo ya mabanoni usiyadharau. Mwaka wa tatu ndiyo yatakayokueleza kwa nini namba imeruka.

Ukikuta ukuta wa mchanga uliosimama, usiuruke kwa mita 2. Pima juu ya ukingo, kisha chini yake, uandike umbali halisi hata kama ni sm 40.

Panapoharibika

Visiwa vikiziba upeo, kama Mbudya inavyofanya ukiwa Kunduchi, au ukungu ukishuka, acha jicho. Tumia mpira wa maji, ule wa mafundi waashi: jaza mpira mwembamba unaoonekana ndani, toa mapovu yote, usome kimo cha maji kwenye kila ufito. Povu moja likibaki, kipimo ni cha uongo.

Upeo wenyewe hauko mlalo kabisa, kwa kuwa dunia ni mviringo. Jicho likiwa mita 3 juu ya bahari, kila hatua ya mita 2 inapunguza mteremko kwa karibu mm 2. Hatua 30 ni kama sm 6. Unapolinganisha mstari uleule kila mara, kosa hili hujirudia karibu sawasawa, kwa hiyo halikuharibii sana.

Hatua ya 5: Linganisha

Chukua vipimo viwili vya mstari mmoja, utoe kimo (ile jumla) cha kwanza kutoka cha pili kila kituo. Tuseme tofauti kuanzia m 0 hadi m 10 ni 0, 0, −0.20, −0.55, −0.40 na −0.10. Namba ya kwanza na ya mwisho zigawe kwa mbili, jumlisha zote: −1.20. Zidisha kwa mita 2: umepoteza mita za ujazo 2.4 kwa kila mita ya ufuko. Kwenye ufuko wa mita 100 hizo ni mita za ujazo 240, karibu tani 380 za mchanga.

Ila Machi na Septemba haziambiani kitu kuhusu mmomonyoko wa kudumu, zinakuonyesha kaskazi na kusi tu. Linganisha Machi na Machi. Kati ya 2006 na 2018 bahari duniani ilipanda kwa wastani wa mm 3.7 kwa mwaka, yaani chini ya sm 4 kwa miaka kumi, ilhali ufuko hupanda na kushuka nusu mita ndani ya msimu mmoja. Fito hazipimi kupanda kwa bahari. Hiyo ni kazi ya vipima maji vya bandarini, kama cha Zanzibar kilichoanza 1984.

Kabla hujailaumu bahari, panda juu ya mto unaoleta mchanga uone kama unachimbwa, na angalia kama kuna ukuta mpya jirani unaorudisha mawimbi. Mstari mmoja hautakuonyesha hayo. Weka mitatu: mmoja kabla ya ukuta, mmoja mbele yake, na mmoja baada yake, upande mchanga unakoelekea wakati wa kusi.