Kuandika historia ya tamasha la muziki la shule za kwenu: pa kuanzia na pa kujihadhari

Kamati ikiamua kuandika historia ya tamasha lake la muziki, kazi ya kwanza huwa ni kusaka orodha ya washindi. Acheni hiyo kwanza. Orodha ya washindi ndiyo yenye makosa mengi kuliko karatasi zote, na hata ikiwa sahihi inasema machache: nani alipata kikombe, basi. Anzeni na ratiba, kile kijitabu kinachogawiwa mlangoni na kutupwa jioni yake. Ndani yake mna majina ya vitengo, nyimbo za lazima, kwaya zilizojiandikisha, jina la mwamuzi na mara nyingine kiingilio. Ukipanga ratiba 15 za miaka tofauti juu ya meza moja, utaona tamasha likibadilika mbele ya macho yako: mwaka huu nyimbo za kanisa tu, baadaye kitengo kimoja cha nyimbo za kiasili, kisha vinne vilivyogawanywa kwa jamii zilikotoka, halafu mashairi, densi za ubunifu, zilizopendwa. Historia yenyewe ni hayo mabadiliko ya vitengo.

Kwa kila ratiba jaza mstari mmoja kwenye daftari au programu ya lahajedwali: mwaka, ukumbi, idadi ya vitengo, lugha zilizoimbwa, ala zilizoruhusiwa, waamuzi, na pale karatasi ilipopatikana. Safu hiyo ya mwisho msiiruke. Baada ya miezi sita hakuna atakayekumbuka ratiba ya mwaka fulani ilitoka kabati gani, na mkibishiwa hamtakuwa na pa kurudi.

Ratiba hazikai ofisi za elimu. Ofisi huhama na makaratasi huchomwa. Ulizeni walimu wa muziki waliostaafu, wapiga kinanda wa makanisa, na wachapishaji wa zamani wa mjini, ambao huenda waliweka nakala ya kila kazi. Kwa shule, ombeni magazeti ya shule na kitabu cha matukio cha mwalimu mkuu. Nairobi kuna Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Moi Avenue, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965. Huko tafuteni ripoti za kila mwaka za wilaya na za elimu; faili za mikoa na wilaya za kikoloni hutambulika kwa herufi za mwanzo kama PC (mkuu wa mkoa) na DC (mkuu wa wilaya). Tamasha huenda likatajwa kwa sentensi mbili tu ndani ya kurasa 40, chini ya elimu au ustawi wa jamii, kwa hiyo msitegemee faharasa. Someni ukurasa kwa ukurasa.

Mtego wa 1927

Tamasha la Muziki la Kenya linahesabiwa tangu 1927, na lilianza kama uwanja wa Wazungu waliokuwa nchini. Mtindo wake ulitoka Uingereza, ambako Mary Wakefield alianzisha mashindano ya kwaya eneo la Kendal mwaka 1885: kwaya zinaimba wimbo uleule, moja baada ya nyingine, kisha mwamuzi anasimama na kueleza hadharani nani amekosea wapi. Mpaka leo hotuba hiyo ya mwamuzi ndiyo inayotofautisha tamasha na mashindano ya kupigiwa makofi.

Kosa linalorudiwa ni kuichukua hiyo 1927 na kuibandika kwenye jalada la kila wilaya. Tamasha la taifa kuanza mwaka fulani hakusemi lolote kuhusu kwenu. Mwaka wenu wa kuanza ni ule wa karatasi ya kwanza mliyoishika mkononi. Kama wazee wanasema lilikuwapo kabla, andikeni kwamba wazee wanasema hivyo. Na kama mko Pwani, msiandike kana kwamba mashindano ya muziki yaliletwa na shule. Mombasa ilikuwa na vikundi vya beni (ngoma za kuigiza bendi za kijeshi), Kingi na Skochi, vikishindana kwa mavazi, matarumbeta na nyimbo za kuumbuana kabla tamasha halijafikiriwa. Kuna bibi na babu waliorithi hadithi za beni na watoto wao wakaimba kwaya ya shule. Hao ni dhahabu.

Miaka ya kitaifa ya kuweka pembeni kama vigingi ni michache. Mwaka 1963 wimbo wa taifa ulitayarishwa na jopo la watu watano, wakiwamo Graham Hyslop na George Senoga-Zake, kwa kutumia bembelezi ya Kipokomo. Mwaka 1982 iliundwa tume ya rais ya muziki chini ya Washington Omondi, ikatoa ripoti 1984. Mwaka 1985 ulikuja mfumo wa elimu wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu). Machi 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya korona. Angalieni kama vitengo vyenu vilibadilika baada ya kigingi chochote. Kama havikubadilika, hilo nalo ni jambo la kuandika.

Ratiba isiyo na mwaka

Nyingi hazina. Zina "Ijumaa tarehe 12 Julai" na hakuna zaidi. Kwanza tumia kalenda: tarehe 12 ya mwezi huo iliangukia Ijumaa miaka gani? Kwa kawaida utabaki na mitatu au minne ndani ya miaka ishirini. Halafu soma madaraja. Kwa karatasi za baada ya uhuru, kidato cha 5 na 6 kikitajwa, ratiba haizidi 1989, kwa kuwa mtihani wa mwisho wa kidato cha 6 ulikuwa mwaka huo. Darasa la 8 likitajwa, kwa kawaida ni kuanzia 1985. Neno "kaunti" kama ngazi ya mashindano linakuweka baada ya 2010. Maandishi meusi yaliyofifia yenye "o" zilizojaa wino katikati ni kazi ya stensili (karatasi ya nta iliyotobolewa kwa taipureta ili wino upite), si fotokopi.

Majina ya shule nayo yana umri. Prince of Wales School ndiyo Nairobi School ya leo. Duke of York ni Lenana. Duke of Gloucester ni Jamhuri High School. Kikombe chenye jina la zamani na ratiba yenye jina jipya vinaweza kuwa vya shule ileile, na ukizihesabu mara mbili utakuwa umeizulia wilaya shule. Mipaka pia: Makueni ilimegwa kutoka Machakos mwaka 1992, kwa hiyo mshindi wa Wilaya ya Machakos mwaka 1988 huenda leo yuko kaunti nyingine kabisa. Andika jina kama lilivyo kwenye karatasi, kisha la leo kwenye safu ya pili.

Kuwahoji waliokuwapo

Usimuulize mtu "ilikuwa mwaka gani?" Atakupa mwaka wowote ili asikuvunje moyo. Muulize alikuwa darasa la ngapi, mwalimu mkuu alikuwa nani, na kama ilikuwa kabla au baada ya Mzee Kenyatta kufariki (Agosti 1978), jaribio la mapinduzi (Agosti 1982) au njaa ya 1984. Halafu mwombe aimbe. Mtu aliyesahau ukumbi na mwaka ataimba sauti yake ya pili yote, pamoja na mahali pa kuvuta pumzi, na katikati ya wimbo atakumbuka sare waliyovaa. Dakika 60 zinatosha. Zaidi ya 90 mzee amechoka na majibu yanakuwa ya adabu tu. Zima feni, weka simu juu ya kitambaa nusu mita kutoka kinywani, na useme tarehe na jina la mhojiwa mwanzoni mwa rekodi yenyewe.

Kaseti

Hapa ndipo vitu vinapotea bila kurudi, kwa hiyo nenda polepole. Kabla ya chochote, vunja vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti ili mtu asirekodi juu yake. Tazama kama kile kipande cha sponji kinachosukuma utepe bado kipo. Kikidondoka sauti hufifia na kurudi, na watu hudhani kaseti imekufa. Zungusha utepe mpaka mwisho na kurudi mara moja bila kuucheza, maana tabaka zilizogandana kwa miaka zikivutwa ghafla hukatika. Safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti ya isopropili baada ya kila kaseti tatu au nne. Ukiona unga wa kahawia kwenye pamba, utepe unamomonyoka. Ucheze mara moja tu, na mara hiyo iwe ya kurekodi.

Chukua waya kutoka tundu la kutolea sauti hadi kompyuta. Usiweke simu mbele ya spika. Rekodi kwa WAV, 48 kHz, biti 24. Upande mmoja wa kaseti ya C60 ni dakika 30, na kwa stirio utachukua takribani MB 520. Kilele cha sauti kisipite −6 dB, na upime kwa makofi, si kwa kwaya, kwa sababu makofi ndiyo yanayopasua rekodi.

Kuna kasoro moja inayodanganya hata wanamuziki. Betri zikiisha wakati wa kurekodi, mtambo ulienda polepole. Ukiucheza leo kwa kasi sahihi, kwaya inasikika juu zaidi, na kadiri utepe unavyoendelea inazidi kupanda. Mtu ataandika kwamba sauti ya kwanza za miaka hiyo zilikuwa za ajabu. Linganisha na nota: kama karatasi inasema Doh (noti ya kwanza ya ngazi) ni F na unasikia F kali (F#), punguza kasi kwa karibu asilimia 6, ambayo ni nusu toni. Kwaya inaweza kupandisha ufunguo yenyewe, hivyo sikiliza pia sauti ya mwamuzi akizungumza. Akisikika kama mtoto, kosa ni la betri.

Solfa na fotokopi

Nyimbo nyingi zilihifadhiwa kwa solfa, yaani do, re, mi kwa herufi, kwa sababu taipureta iliweza kuziandika: d, r, m, nukta mbili kati ya mapigo, mstari kwa kila bari. Alama ndogo juu ya herufi inapandisha oktava, chini inashusha. Fotokopi ya fotokopi hula alama hizo kwanza, na ndiyo maana utakuta besi inaruka oktava nzima pasipo na maana. Usisahihishe kwa kubahatisha. Tafuta nakala ya stensili, au mpate besi wa enzi hizo. Piga picha za karatasi kwa 300 dpi (nukta kwa inchi), picha za watu kwa 600.

Sasa, washindi

Kikombe kinachozunguka huchongwa na shule iliyokishinda, kwa gharama yake. Isiyokuwa na pesa haikuchonga. Nafasi tupu kwenye bamba haimaanishi tamasha halikufanyika. Hesabuni mshindi kuwa wa hakika tu akipatikana mahali pawili pasipotegemeana: karatasi ya alama na gazeti, au cheti na kitabu cha shule. Cheti peke yake kinaweza kuwa cha kushiriki.

Kabla ya kuweka mtandaoni: nyimbo zilizotungwa zina haki ya mtunzi, ambayo Kenya hudumu miaka 50 baada ya kifo chake, nyimbo za jamii zinalindwa na sheria ya 2016 kuhusu maarifa ya jadi, picha za wanafunzi na maneno makali ya mwamuzi juu ya mtoto aliyetajwa jina yanagusa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Fichueni alama za kwaya, ficheni majina ya watoto.

Rasimu ya orodha ipelekeni kwa kila shule iliyotajwa, wapewe mwezi mmoja kusahihisha. Karatasi mlizoazima rudisheni ndani ya bahasha ngumu, bila klipu za chuma wala selotepu, na kwa mpangilio uleule mliozikuta. Zikirudi na mikunjo mipya, mwalimu huyo hatafungua lile sanduku la pili.