Leza ya poda isiyo na vioo: naandika mara moja, msirudi inboksi

Jamani, wiki hii peke yake watu wanne wameniuliza leza ya poda (ile ambayo mwanga wake unakuzwa kwa kudunda kwenye chembe za poda badala ya vioo) inatengenezwaje, basi naiweka hapa na atakayeuliza tena namtumia linki tu. Mimi ni fundi wa maabara hapa Kampala, hesabu ndefu waulizeni maprofesa.

Vitu: rodamini 6G (rangi inayong'aa), ethanoli, poda ya titaniamu dioksaidi (ndiyo weupe wa rangi za ukuta, ila tafuta safi ya maabara), leza ya kijani ya nanomita (nm) 532 inayotoa mapigo ya nanosekunde (hii ndiyo tunaiita pampu, inachaji rodamini), spektromita (inachora grafu ya mwangaza kwa kila nm), na miwani iliyotengenezwa kwa leza hiyo. Miwani ya jua ya sokoni Owino haihesabiki.

1. Rodamini mg 10 kwenye ethanoli ml 20. Vaa glavu.

2. Poda mg 1 kwa kila ml. Tikisa.

3. Tikisa tena kabla ya kila kipimo, poda inazama.

4. Igeuze kuveti (kichupa chenye kuta bapa ulichowekea mchanganyiko) kidogo isimtazame leza uso kwa uso, maana kuta zake mbili zinaweza kufanya kazi ya vioo ukadhani ni poda. Kusanya mwanga kwa pembeni.

5. Chujio. Hapa ndipo nilipoaibika. Mara ya kwanza sikuweka, nikaona kwenye skrini mlima mwembamba kama sindano, nikaupiga picha na simu nikatupa kwenye grupu ya WhatsApp ya kazini na maneno "IMEWAKA!!", watu wakaanza kunipongeza, mpaka mzee mmoja akauliza tu: "Pampu yako ni nm ngapi?" Nikarudi kuangalia sindano yangu imesimama wapi. 532. Yaani nilikuwa napima leza yangu mwenyewe ikidunda kwenye poda! Kwa hiyo weka chujio kinachopitisha kuanzia 550 kwenda juu, rodamini yenyewe utaikuta kati ya 560 na 600 hivi. Na hata ukiiona usishangilie bado. Anza na nguvu ndogo ya pampu, panda polepole, andika mwangaza na upana wa mlima kila hatua. Ukifika kwenye kizingiti mstari wa mwangaza unakunja ghafla kwenda juu, na hapo hapo upana unaporomoka kutoka makumi ya nanomita hadi nanomita chache. Hakuna kona? Basi huna leza, una rangi inayong'aa. Mlima ukiwa na kichwa bapa kama umekatwa na panga, sensa imeshiba, punguza mwanga. Halafu rudia yote bila poda, ulinganishe.

MASWALI

Boda_Fizikia: Ssebo naweza kutumia ile leza ya kijani ya kuonyeshea ubaoni?

Mimi: Hapana. Soma orodha ya vitu.

Boda_Fizikia: Lakini nayo ni 532

Mimi: Rangi ni ile ile, nguvu siyo. Milijuli 1 ikibanwa ndani ya nanosekunde 10 ni kilowati 100. Yako ni miliwati 5, kama ni ya halali.

Nyota_ya_Gulu: Mwalimu habari. Nimesoma mara mbili, kitu kimoja kinanisumbua: kama vioo havipo, mwanga unazuiwa na nini usitoke?

Mimi: Nzuri dada, na hilo ndilo swali lenyewe. Ingia Owino siku ya Jumamosi utafute mlango wa kutokea. Hakuna aliyekufungia, ila unapinda hapa, unagonga kibanda pale, saa nzima bado uko ndani. Mwanga nao unadundishwa na chembe moja hadi nyingine, na kwa kuwa njia yote imejaa rodamini iliyochajiwa, unavyozidi kupotea ndivyo unavyoongezeka. Ongezeko likishinda kinachovuja pembeni, ndiyo kizingiti hicho. Mwanafizikia Letokhov aliliandika wazo hili miaka ya 1960, Lawandy na wenzake wakaionyesha 1994 kwa rodamini na titaniamu hii hii, ila rodamini yao ilikuwa aina ya 640.

Nyota_ya_Gulu: Asante sana! Na zile grafu zenye meno mengi kama kitana?

Mimi: Hiyo ni zinki oksaidi, Cao na wenzake 1999, karibu na 380 nm. Pale mawimbi yanazunguka kwenye poda na kujikuta tena, yakipatana yanajenga jino. Mpangilio wa chembe ndio unaochagua meno yakae wapi. Ukisogeza doa la pampu kidogo tu unapata meno mengine kabisa. Kwenye kimiminika chetu chembe zinaogelea, mpangilio haukai, ndiyo maana mara nyingi utaona mlima laini. Ukitaka kuyaona jaribu poda kavu iliyoshindiliwa, ila hiyo inataka pampu ya 355 nm.

Mama_Spektra: Naongezea, spektromita na kompyuta ziwe kwenye UPS. Umeme ulikata nikiwa kipimo cha 37, nikaanza upya.

Mimi: Pole mama. Na andika kwenye daftari pia.

Boda_Fizikia: Na rangi ya ukuta ya dukani nikiichanganya?

Mimi: Ina chaki na gundi ndani. Nilisema SAFI, iko pale juu.

Mama_Spektra: Rodamini kwenye koti inatokaje?

Mimi: Ikiwa mbichi, spiriti na kitambaa, bonyeza usisugue. Ikikauka, sijui mama, langu lina mfuko wa waridi tangu mwaka juzi.