Kabla hujamwambia mgeni, uliza Kiswahili kinasemaje

Mwaka wangu wa kwanza wa kuongoza wageni hapa Bagamoyo, nilisimama pale ufukweni kwenye ukumbusho wa watu walionyongwa na Wajerumani, nikatoa sauti: "The Germans hung people here." Mzee mmoja wa Kiingereza akaniacha nimalize, kisha akanivuta pembeni. "Hanged", akaninong'oneza. "Hung" ni ya makoti.

Nilirudi nyumbani na aibu yangu. Usiku ndipo nikashtuka: mbona hilo nalijua tangu utotoni? Mtu hunyongwa, koti hutundikwa. Kunyonga ni "hanged", kutundika ni "hung". Kwisha.

Tangu hapo kijana anayeanza kazi hii simpi kanuni za kukariri. Namwambia atafute kwanza kitenzi cha kwetu.

Chukua "lie" na "lay", zinazowatoa jasho hata wenye lugha. Sisi tuna lala na laza. Anayelala mwenyewe ni "lie". Anayemlaza mwingine ni "lay". Mtego uko kwenye wakati uliopita, maana "lie" inageuka kuwa "lay", na "lay" inageuka kuwa "laid". Ukiwafikisha misheni, kwenye habari za Livingstone, utazihitaji zote mbili. "In 1874 they laid his body here": waliulaza, akina Chuma na Susi na wenzao walioubeba kwa miguu kutoka Zambia ya leo. "His body lay here": ulilala, ukingoja safari ya Zanzibar. Vivyo hivyo inuka ni "rise", inua ni "raise". Na dereva wetu anayesema "Remember me to buy water" ajue kwamba kumbusha ni "remind".

Shida ni pale Kiswahili chenyewe kinapokuwa na neno moja. Kuazima! Mimi naazima kwako, wewe unaniazima, kitenzi kilekile. Siku moja mvua ilitukuta kwenye magofu ya Kaole. Mama mmoja ana kamwavuli kadogo, mimi nina wangu mkubwa, nikamwambia kwa ukarimu, "Can I borrow you umbrella?" Akanikabidhi kake, akabaki analowa. Sasa dawa yake: tazama kitu kinaelekea wapi. Kikija kwako, "borrow". Kikitoka kwako, "lend". Nilitakiwa kusema "Can I lend you my umbrella?"

Kusikia nako kuna vituko. Sisi tunasikia baridi, tunasikia harufu, tunasikia njaa. Wao masikio yao ni ya sauti tu. Baridi ni "feel", harufu ya samaki pale sokoni ni "smell".

"Sorry" ya pole sijaikataza. Mgeni akijikwaa atakujibu kwamba si kosa lako, mwache. Ila "Are you all right?" inamfikia vizuri zaidi.

La mwisho linagusa mfuko. Mgeni anakuuliza, "You don't have change?" Kwetu jibu ni ndiyo, sina, kwa sababu tunalikubali neno lake. Usimwambie "Yes". Sema "No, I don't". Ukisema "Yes", atasimama pale kiganja wazi, anangoja chenji yake.