Kuanza Kwaresima Roma ukiwa mseminari hijani

Mseminari anayeikuta Jumatano ya Majivu akiwa hijani Roma hana haja ya kubuni ratiba yake ya toba. Mji wenyewe unayo tangu kale: makanisa ya vituo, kanisa moja kwa kila siku ya Kwaresima. Fuata hayo, mengine yapunguze.

Maungamo yamalize Jumanne. Katika basilika kuu nne wapo mapadre waungamishaji, na lugha zao zimeandikwa kwenye viti vya kitubio. Siku hiyohiyo mwambie mpishi wa nyumba mliyofikia kwamba Jumatano na Ijumaa hamli nyama. Ukingoja hadi mezani, chakula kimeshapakuliwa, na kukikataa ni kumfedhehesha aliyepika.

Jumatano kituo ni Santa Sabina, juu ya kilima cha Aventino. Shuka metro Circo Massimo, laini B, upande kwa miguu. Misa ya kituo kwa Kiingereza huwa saa 1:00 asubuhi. Alasiri, kwa desturi, Papa huongoza maandamano kutoka kanisa jirani la Sant'Anselmo hadi hapo. Kuingia wakati huo kunahitaji tiketi. Usishangae padre akikunyunyizia majivu makavu utosini badala ya kukuchora msalaba kwenye paji la uso, ndivyo wafanyavyo Roma. Kabla hujaondoka tazama mlango wa mbao wa karne ya 5. Kibao cha juu kushoto kinamwonyesha Kristo kati ya wezi wawili, na ni miongoni mwa picha za kale kabisa za kusulubiwa.

Kufunga kunamhusu mwenye miaka 18 hadi anapotimiza 59: mlo kamili mmoja, na chakula kidogo asubuhi na jioni. Ukiwa njiani, mlo kamili uwe mchana. Maji hayavunji mfungo, na wanaoumwa kichwa siku hii mara nyingi hawajanywa ya kutosha. Kupanda vilima bila kula chochote si jambo Kanisa linalokudai, na jioni sala ya Masifu utaisali ukisinzia.

Kwenye Sala ya Kanisa, kitabu cha sala za kila siku ambacho zaburi zake zimegawanywa katika majuma manne, wengi hukosea kwa kufungua zaburi za Juma la Kwanza. Jumatano hadi Jumamosi ni Juma la Nne. La Kwanza linaanza Dominika. Asubuhi ya Majivu unaruhusiwa kutumia zaburi za Ijumaa ya Juma la Tatu. Zitumie, maana zinaanza na Zaburi ya 51, ile ya toba. Aleluya haisemwi popote.

Alhamisi ni San Giorgio in Velabro. Ijumaa ni Santi Giovanni e Paolo, alikozikwa Mtakatifu Paulo wa Msalaba. Njia ya Msalaba isaliwe siku hiyo. Jumamosi ni Sant'Agostino, penye kaburi la Mtakatifu Monika na mchoro wa Caravaggio wa mahujaji wawili waliopiga magoti, nyayo chafu zikikuelekea. Nenda asubuhi, kwa kuwa makanisa mengi hufungwa mchana.

Dominika ni San Giovanni in Laterano, kanisa kuu la Askofu wa Roma. Ng'ambo ya barabara zipo Ngazi Takatifu, vidato 28, hupandwa kwa magoti tu. Kanzu ndefu hunaswa chini ya goti na kukuvuta nyuma, kwa hiyo ikunje mbele kabla ya kidato cha kwanza. Ukishaanza, hakuna pa kusimama uirekebishe.