Risoto ya Kusini: Bwabwa la Makusudi

Bibi yangu wa Mikindani, Mtwara, akiona wali umeshikana alikuwa anauliza, "Nani mgonjwa humu ndani?" Kwetu wali ni wa kuchambuka punje kwa punje, bwabwa ni la mgonjwa na mtoto. Leo tunalipika kwa kukusudia.

Risoto ni chakula cha kaskazini mwa Italia, kule kwenye mashamba ya mpunga ya bonde la mto Po. Ulaini wake hautokani na kuivisha mchele kupita kiasi. Ni wanga wa juu ya punje, unaosuguliwa na mwiko mpaka supu inakuwa nzito, huku kiini cha punje kikibaki kigumu kidogo.

Waitalia hutumia Arborio au Carnaroli, michele ya punje fupi nene. Wewe tafuta mchele mpya, ule ambao muuzaji muungwana atakuonya, "Huu unashika, haufai pilau." Huo huo! Basmati iache.

Kwa watu 4: mchele gramu 300 (kama kikombe kimoja na nusu), supu lita 1 na robo, kitunguu kimoja, mafuta vijiko 2, siagi vijiko 2, ndimu nusu.

1. Bandika supu jiko la pili, ichemke polepole muda wote. Supu baridi inaukatisha mchele kuiva. Kama una kamba, chemsha vichwa na maganda dakika 25, uchuje. Usitupe utamu jalalani.

2. Kaanga kitunguu kilichokatwa vidogo mpaka kilainike, kisibadilike rangi. Mwaga mchele mkavu, bila kuuosha, ugeuze dakika 2 mpaka punje ziwe za moto na zing'ae.

3. Hapa Waitalia hutia divai nyeupe. Mimi natia ndimu na upawa mmoja wa supu, maana kinachotakiwa ni uchachu.

4. Endelea upawa mmoja mmoja. Geuza, subiri supu inyweke, ongeza. Mara ya kwanza niliona huu ni usumbufu, nikamimina supu yote nikaenda kuanua nguo. Nilirudi nikakuta wali wa kawaida wenye maji juu. Kwenye jiko la mkaa, toa makaa kidogo. Moto mkali unakausha supu kabla punje haijaiva. Kuanzia dakika ya 14 anza kuonja. Mara nyingi dakika 18 zinatosha.

5. Epua. Tia siagi, ukoroge kwa nguvu, funika dakika 2. Kwenye sahani itandae yenyewe. Ikisimama kama kilima, ongeza supu.

Sasa msimu. Waitalia wana misimu minne. Sisi kusini mwa Tanzania mvua ni moja, na bahari ina kalenda yake.

Mvua zikiwa zimekolea, pika kwa boga na majani yake, au uyoga wa porini unaoshuka kutoka Masasi na Nachingwea. Uyoga nunua kwa mama unayemjua, anayeujua. Usiokote mwenyewe kwa kubahatisha.

Kusi likivuma katikati ya mwaka, bahari inachafuka na samaki wanapanda bei. Ndio wakati wa mbaazi mbichi: zichemshe pembeni, uziingize dakika 5 za mwisho.

Kuanzia Oktoba ni korosho, na hapa ndipo tunapowazidi Waitalia. Jibini lao gumu la Parmigiano, wanalotia mwishoni pamoja na siagi, ni adimu huku na bei yake haishikiki. Loweka kiganja cha korosho zilizobanguliwa ambazo hazijakaangwa, saa 4, zisage na maji kidogo mpaka ziwe laini kabisa, utie pamoja na siagi.

Pweza hafuati mwezi wa kalenda, anafuata mwezi wa angani: bamvua likiingia, maji yakatoka mbali, wachokoaji wanarudi naye. Mchemshe mpaka alainike. Maji yake ndiyo supu yako, ila yana chumvi, hivyo changanya nusu kwa nusu na maji matupu, na chumvi usiiguse mpaka mwisho.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Dada wa Chikongola: Mwalimu, mchele nisiuoshe? Huu wa kwangu una vumbi!
— Upepete, uchague mawe. Vumbi likizidi, uoshe ndani ya supu iliyopoa, uchuje, ukaushe, na supu hiyo uiache itue uitumie. Wanga umo humo.

Mama wa Ligula: Tui la nazi je?
— Shikamoo mama. Tui zito linafaa, vijiko vichache mwishoni badala ya siagi. Ukilitia tangu mwanzo utapata wali wa nazi uliolegea. Mtamu, ila si somo la leo.

Kaka wa Lindi mjini: Mke wangu kapika, mimi nasema haujaiva, yeye anasema ndivyo ulivyo. Nani mkweli?
— Kata punje kwa meno. Kidoa cheupe kidogo katikati, mkeo kashinda. Ikivunjika kama chaki, upawa mmoja na dakika 2 zaidi.

Dada wa Shangani: Nina wageni 20, nitakoroga mpaka lini?
— Pika kwa dakika 10, utandaze kwenye sinia ipoe upesi. Wageni wakishanawa mikono, irudishe sufuriani na supu ya moto uimalizie. Siagi isiguse sinia, itie mwishoni ukishaepua.