Kadi ya serikali au ya kampuni? Anzia dirisha la dawa

Nauza asali sokoni Tabora mjini, na wateja wakipungua ubishi hauishi. Huyu anasema bima ya serikali ni kadi ya kupangia foleni tu, yule anasema kampuni zinawataka wasioumwa. Wote wana kaukweli kao. Ila ubishi haukupi dawa, kwa hiyo nitakueleza nilivyochagua mimi.

Kabla hujatoa hata mia, chukua daftari uandike mwaka jana nyumbani kwako aliumwa nani, mkatibiwa wapi, kwa shilingi ngapi. Langu lilikuwa na malaria mara nne, jino moja, na presha ya mama mkwe. Presha ndiyo iliyotumaliza: vidonge kila mwezi, mwezi hauruki. Nikajua sitafuti bima ya upasuaji, natafuta bima ya vidonge.

Sasa beba kasha tupu la dawa yenyewe uende nalo kwenye kituo utakachotumia. Usiulize "mnapokea bima?" maana wataitikia ndiyo. Uliza, "Mtu mwenye kadi hii, dawa hii ameipata mwezi huu?" Kituo cha kwanza, binti wa dirishani aliligeuza kasha, akalisoma, akanirudishia: "Hii mama, utanunua nje." Cha pili akafungua kabati, akanionyesha. Nilimshukuru kwa chupa ya asali.

Ya kampuni nayo isikutishe wala isikulevye. Omba orodha ya hospitali, uisome kwa kidole, mji kwa mji. Shemeji yangu alikuja msibani na kadi nzuri ya kazini kwao Dar, malaria ikamlaza huku. Kwenye orodha yao Tabora haikuwamo, tukachanga taslimu. Uliza pia kiwango wanachokulipia kwa mwaka kikiisha inakuwaje, na ugonjwa ulionao tayari wanaulipia au wanautenga. Hapo ndipo wengi wetu tunapoachwa.

Ukiwa mwajiriwa wa serikali hili limeshaamuliwa: NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, inachukua asilimia 3 ya mshahara wako na mwajiri anaongeza 3, kwa wewe, mwenza na wategemezi wanne. Sisi wa kujiajiri tulizoea Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao ulijaribiwa kwanza hapahapa mkoani kwetu, wilaya ya Igunga, mwaka 1996. Ulipoboreshwa mwaka 2018 kaya ya watu 6 ikawa inalipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Kwa kadi hiyo ulianzia zahanati, ukapewa rufaa. Ukikimbilia Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, moja kwa moja ulikuwa unajitafutia kulipa.

Na usisubiri homa ndipo ukate kadi. Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya NHIF, ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, wazazi wengi wakawa wanawaandikisha walioumwa tayari. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa. Mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Mimi naiunga mkono, mradi dirishani wasiniambie ninunue nje.

Mwisho uliza kadi inaanza lini kufanya kazi na inaisha lini. Yangu nimeiandika tarehe kwa mkaa ukutani, juu ya mtungi, na mama mkwe huisoma kila akichota maji ya kumezea kidonge.