Kupima maji ya maporomoko makubwa: mfano wa Mosi-oa-Tunya

Maporomoko hayapimiwi pale yanapoangukia. Ukingoni maji yamevurugika, yamechanganyika na hewa, na kina kinabadilika kila hatua. Panda juu ya mto utafute mahali paliponyooka, maji yametulia, na hakuna kijito kinachoingia kati ya hapo na maporomoko. Mosi-oa-Tunya (Maporomoko ya Victoria, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe), ambako mto Zambezi huanguka kwa upana wa mita 1,708, kuna visiwa vinavyougawa mto kabla haujafika ukingoni. Ukipima mkono mmoja ukasahau mingine, hesabu yote ni bure.

Gawa upana wa mto vipande 20 hadi 25, vyembamba zaidi penye kina kirefu, kipande kimoja kisibebe zaidi ya asilimia 10 ya maji yote. Katika kila kipande pima kina na kasi. Kina kikiwa chini ya sentimita 75, kasi ipimwe mara moja, kwenye asilimia 60 ya kina kutoka juu. Kikizidi hapo, pima kwenye asilimia 20 na 80, uchukue wastani, kwa sababu maji ya chini hucheleweshwa na mchanga na mawe. Tuseme kipande kina upana wa mita 20, kina cha mita 2.5, kasi ya mita 0.9 kwa sekunde juu na 0.5 chini. Wastani ni 0.7, basi 20 × 2.5 × 0.7 = mita za ujazo 35 kwa sekunde. Jumlisha vipande vyote.

Huna kipima kasi? Tupa chungwa. Sehemu kubwa yake huzama, kwa hiyo upepo haulisukumi kama chupa tupu. Hesabu sekunde zake kwa mita 50, kisha zidisha kasi kwa 0.85, maana maji ya juu ndiyo yenye mbio. Usishangae ukikosea kwa asilimia 20.

Zambezi ina viboko na mamba, kwa hiyo ni kazi ya boti yenye kifaa cha mawimbi ya sauti, ukivuka angalau mara nne. Mtego uko chini, maana kifaa hupima mwendo wa boti kwa kuilinganisha na sakafu ya mto: wakati wa mafuriko mchanga wa sakafuni hutembea, kifaa kikadhani boti inapanda mto, kikatoa maji pungufu. Shikilia boti mahali pamoja dakika kadhaa. Kikionyesha umesogea, tumia GPS kupima mwendo wa boti badala ya sakafu.

Hakuna anayepima hivi kila siku. Simika nguzo ya vipimo kando ya mto, pima kiangazi na masika, uchore mchoro wa kina dhidi ya kiasi cha maji, ili siku nyingine usome kina tu kwenye nguzo. Katika mto mpana, kina kikiongezeka maradufu maji huongezeka kama mara tatu. Baada ya mafuriko makubwa pima upya, sakafu huenda imebadilika.

Kisha toa kwenye jumla maji yanayochepushwa. Kituo cha umeme upande wa Zambia huchota juu ya maporomoko na kuyarudisha korongoni.

Na andika tarehe. Wastani wa mwaka ni takriban mita za ujazo 1,100 kwa sekunde, lakini Aprili huzidi hapo sana, na Oktoba na Novemba sehemu ya mwamba hukauka. Kule Niagara andika na saa: mkataba wa Marekani na Kanada wa 1950 unadai angalau mita za ujazo 2,832 kwa sekunde mchana wa msimu wa watalii, na 1,416 tu usiku.